Malaria Ikipanda Kichwa

Wasee, tuanze na ndizi.

Ukifungua simu saa hizi, kabla hujafika video ya tano utapatana na mtu mwenye jikoni safi na taa ya duara akikuambia ule ndizi ndiyo upate triptofani, triptofani igeuke serotonini, na serotonini ikupe furaha. Video inaisha, watu wanajaa chini: "nimeanza leo", "hii imenisaidia sana". Sina shida na ndizi. Za Kisii zinashuka Kibuye kila asubuhi na mimi ni mteja wa kudumu. Shida yangu ni hesabu.

Ile triptofani ambayo mwili haujaitumia kujenga protini, karibu asilimia 95 inapitia njia nyingine kabisa. Serotonini inaokota makombo. Na hata hiyo serotonini, nyingi inatengenezewa tumboni na haivuki kuingia kwa ubongo. Hiyo barabara kubwa inaitwa njia ya kainurenini, na hakuna mtu anaitengenezea video, kwanza kwa sababu jina ni gumu, pili kwa sababu huko mbele inafika mahali hapana furaha. Kwetu huku ziwani, mahali hapo ni malaria.

Niko na sababu mbili za kuandika hii. Ya kwanza, nilisoma bayokemia chuoni miaka miwili kabla karo iishe nirudi Kisumu nishike kamera, na hii mada ndiyo kitu kimoja nilichobeba kutoka huko ambacho hakijawahi kunitoka. Ya pili inalala kitanda cha chini chumbani kwetu, ina miaka 14, inashabikia Gor Mahia, na nitaifikia.

Sasa, triptofani ni moja ya vipande vya protini ambavyo mwili hauwezi kujitengenezea. Lazima uile. Samaki wanayo, mayai yanayo, maharagwe yanayo. Mahindi ndiyo shida: protini yake kubwa, zeini, karibu haina triptofani kabisa. Ndiyo maana sehemu nyingi duniani ambako watu walilazimika kuishi kwa mahindi peke yake kuliingia pelagra, ugonjwa wa ngozi kubabuka, tumbo kuharisha na akili kuvurugika. Mwili hutumia triptofani kujitengenezea niasini, yaani vitamini B3, kama miligramu 60 za triptofani kwa miligramu moja ya niasini. Kwa hivyo nyanya yako akikukataza kula ugali bila omena hakuwa anakuonea. Alikuwa anakulipia deni la zeini.

Hiyo safari ya kutoka triptofani hadi niasini ndiyo njia ya kainurenini yenyewe. Asidi ninayotaka tuongee iko kwa tawi la pembeni, inaitwa asidi ya kainureniki. Mkemia Mjerumani, Justus von Liebig, ndiye aliyeipata mwaka 1853. Aliipata wapi? Kwa mkojo wa mbwa. Si mzaha, hata jina limeundwa kwa maneno ya Kigiriki ya mbwa na mkojo. Ilikaa hapo kama kitu cha ajabu cha mbwa, mpaka mwanzo wa karne ya 20 ndipo ikajulikana inatoka kwa triptofani.

Inatoka aje? Kama umewahi kukaa Dunga ukaangalia wavuvi wakishona nyavu, utaelewa. Triptofani iko na macho mawili ya wavu yaliyoshikana, moja la pembe sita na lingine la pembe tano. Kimeng'enya kinakuja kinakata lile la pembe tano na linabaki wazi likining'inia. Kipande kimoja cha kaboni kinadondoka, na unachobaki nacho ni kainurenini. Kisha kimeng'enya kingine kinanyofoa naitrojeni kutoka kwa mkia, mkia unajikunja wenyewe na kushika upande wa pili, na sasa una macho mawili, yote ya pembe sita. Hiyo ndiyo asidi ya kainureniki: kaboni 10, haidrojeni 7, naitrojeni 1, oksijeni 3.

Macho mawili ya pembe sita yenye naitrojeni moja ndani yana jina lake, yanaitwa kwinolini. Sema hilo jina polepole. Kwinini. Klorokwini. Ni umbo lile lile. Zile tembe chungu ambazo wazazi wetu walikunywa mpaka masikio yakavuma zimejengwa juu ya pete hizo hizo ambazo mwili wako unajishonea kutoka kwa omena. Sisemi mwili unajitengenezea dawa ya malaria, msinitie maneno mdomoni. Kazi ya molekuli inaamuliwa na vitu vilivyofungwa kwenye hizo pete. Lakini mara ya kwanza nilipoichora kwa daftari niliacha kalamu nikaangalia tu.

Kuna tawi la pili. Kainurenini badala ya kujikunja inaweza kupitia vimeng'enya vingine mpaka ikawa asidi ya kwinoliniki, ambayo licha ya jina iko na pete moja tu. Hii ndiyo inaendelea mbele hadi kwa niasini. Kwa hivyo kainurenini ni kama pale Kondele barabara zinapogawanyika: ukiingia huku unafika kainureniki, ukiingia kule unafika kwinoliniki. Mama mmoja, watoto wawili, na hawa watoto hawapatani.

Kwa ubongo kuna milango midogo kwenye seli inaitwa vipokezi vya NMDA. Ukijifunza kitu kipya, ukishika namba ya simu, ukikumbuka njia ya kurudi nyumbani, hiyo milango imefanya kazi. Fikiria mat ya town. Haitoki stage mpaka dere awe kwa usukani na makanga agonge bodi. Dere ni kemikali inaitwa glutamati. Makanga ni nyingine inaitwa glaisini. Wote wakiwa pahali pao, gari linatoka, yaani mlango unafunguka na kalsiamu inaingia kwa seli.

Asidi ya kainureniki inakuja inakalia kiti cha makanga. Haigongi bodi. Dere yuko, mafuta yako, abiria wamejaa na gari halitoki. Asidi ya kwinoliniki inafanya kinyume: inajifanya dere, inashika usukani na kukanyaga mafuta bila kujali kuna nini barabarani. Kalsiamu ikiingia kupita kiasi, seli ya ubongo inaumia, ikizidi inakufa. Haya yalionyeshwa Uingereza mwaka 1981 na 1982 na Trevor Stone na mwenzake Perkins, na mwaka uliofuata kundi la Robert Schwarcz likaonyesha kwamba ukidunga kwinoliniki kwa ubongo wa panya, seli za hapo zinakufa kweli.

Ukisikia hivyo utafikiri kainureniki ni malaika na kwinoliniki ni shetani. Hapana. Bila kwinoliniki hakuna niasini kutoka kwa triptofani. Na kainureniki ikizidi, mat zote zinakwama stage, hakuna kinachosonga, hakuna kinachoshikwa kwa kumbukumbu. Watafiti wa Sweden waliipata imepanda kwa maji ya uti wa mgongo ya watu wenye skizofrenia. Mwili unataka kidogo ya huyu na kidogo ya yule, kila mmoja pahali pake.

Na pahali ni jambo kubwa kuliko watu wanavyodhani. Kainurenini inavuka kutoka kwa damu kuingia ubongoni bila shida. Asidi ya kainureniki inavuka kwa tabu sana. Mwaka 2014 watafiti wa Karolinska walionyesha kwamba misuli ya panya waliofanya mazoezi inabadilisha kainurenini kuwa kainureniki huko huko kwa misuli, kwa hivyo kidogo tu inafika kichwani, na hao panya walistahimili msongo vizuri kuliko wenzao. Asidi ile ile ikitengenezwa kwa misuli inakulinda, ikirundikana ndani ya ubongo inakufunga. Kwa hivyo kabla hujaniandikia "bro, hii yote dawa yake ni gym", soma tena sentensi iliyopita.

Turudi nyumbani sasa.

Huku kwetu neno malaria limezeeka mpaka halitishi mtu. "Niko na ka-malaria tu." Mtu anapita kwa duka la dawa, ananunua tembe bila kupimwa, anarudi kazini. Uchunguzi wa kitaifa wa 2020 ulikuta kwamba watoto wa Kenya wa kati ya miezi 6 na miaka 14 waliokuwa na vimelea vya malaria kwa damu walikuwa asilimia 6. Ukanda wa ziwa peke yake ilikuwa 19. Yaani ukichukua darasa la watoto 50 huku kwetu, karibu kumi walikuwa wamebeba vimelea, wengine wanacheza mpira kabisa. Mtu mzima aliyekulia hapa ameumwa mara nyingi mpaka mwili umejifunza. Mtoto wa miaka mitatu bado hajajifunza chochote.

Watu wetu wana maneno ya ile hali mbaya zaidi: malaria imepanda kichwa. Mtoto anashikwa na degedege, macho yanageuka, halafu analala na haamki ukimwita. Daktari anaita malaria ya ubongo. Na hapa kuna kitu ambacho naona kingefaa kufundishwa kila shule kuanzia Busia hadi Migori: mdudu wa malaria hapandi kichwa. Haingii kwenye ubongo wenyewe. Seli nyekundu za damu zilizobeba vimelea zinanata kwa kuta za mishipa midogo ya kichwani na kuziba njia, lakini mdudu anabaki ndani ya mshipa. Ng'ambo ya ukuta, kwenye nyama ya ubongo, hayuko.

Sasa kama hayuko, nani anaumiza ubongo?

Jibu si moja. Kuna damu kuziba, sukari kushuka, ubongo kuvimba, degedege yenyewe. Lakini kuna shaka kubwa juu ya ile barabara yetu. Mwili ukipigana na maambukizi, kinga inatoa ishara inayowasha kimeng'enya kinachoitwa IDO, na kazi ya IDO ni ile ile ya kukata jicho la pembe tano la triptofani. Ghafla kainurenini inajaa. Inavuka kuingia kichwani. Huko ndani kuna seli za aina mbili zinaingoja: mikroglia, askari wa ubongo, ambao wanaitengeneza kuwa kwinoliniki, na astrosaiti, wahudumu wa ubongo, ambao wanaitengeneza kuwa kainureniki.

Hii si nadharia ya mbali. Imepimwa kwa watoto wa Kenya. Mwaka 2000 ilichapishwa kazi iliyofanywa Kilifi: watoto 97 wenye malaria ya ubongo, wakachukuliwa maji ya uti wa mgongo. Asidi ya kwinoliniki ilikuwa, kwa wastani, kama mara 14 ya kiwango cha watoto wa umri wao wasio na ugonjwa huo. Na ilipanda kwa ngazi: chini zaidi kwa waliopona salama, juu kidogo kwa waliopona wakiwa na ulemavu, juu zaidi kwa waliofariki. Triptofani yenyewe haikuwa imebadilika. Nilisoma hiyo karatasi kwa maktaba ya chuo nikiwa mwaka wa pili na sikuenda darasa lililofuata.

Halafu Kampala, ng'ambo tu ya ziwa letu. Watoto 69 waliolazwa Mulago na malaria ya ubongo kati ya 2008 na 2013, kazi ikachapishwa 2017. Hapo walipima kainurenini na asidi ya kainureniki, kisha wakawafuatilia watoto kwa muda baada ya kwenda nyumbani, wakiwapima akili na kumbukumbu. Viwango vya juu vilienda pamoja na kukaa muda mrefu bila fahamu, na pamoja na udhaifu wa kufikiri uliobaki baadaye. Kazi nyingine ya huko Kampala, ya 2008, ilikuwa imeonyesha kwamba miaka miwili baada ya malaria ya ubongo, kama mtoto mmoja kati ya wanne bado alikuwa na tatizo la akili linalopimika. Mmoja kati ya wanne. Wamepona. Wameruhusiwa. Kadi imeandikwa wako sawa.

Nitakuwa mkweli kuhusu hizi kazi kwa sababu najua mnavyopenda kukata kipande na kukipeleka mbio. Vitu viwili kupanda pamoja hakumaanishi kimoja kilisababisha kingine. Vietnam, kwa watu wazima wenye malaria kali, kupanda kwa kwinoliniki kulienda sambamba na figo kushindwa, kwa hivyo huenda sehemu yake ni taka tu ambazo hazikutolewa. Kwa panya, dawa ya kuziba tawi la kwinoliniki iliwaongezea muda wa kuishi, lakini panya ni panya. Hakuna tembe unayoweza kununua leo ya kurekebisha hii barabara kwa mtoto mwenye malaria, na mtu akikuuzia nyongeza ya triptofani kwa jina la ubongo, shika mfuko wako.

Mdogo wangu alishikwa 2014, akiwa na miaka mitatu. Amekubali niandike haya kwa masharti kwamba jina lake lisionekane wala picha. Degedege ilianza usiku, na alikaa siku tatu hajafungua macho. Aliporudi nyumbani alikuwa anatembea, anacheka, anaomba chai. Mtaa mzima ulimshukuru Mungu, na mama alichinja kuku wawili.

Shule ndipo mambo yakaonekana. Unamtuma dukani vitu vitatu, analeta kimoja. Anasoma aya mpaka mwisho na mwanzo umeshatoka. Si mjinga, ukimwambia kitu kwa hadithi anakishika, na anakuambia kikosi cha Gor cha misimu minne bila kupumua. Lakini mpe maagizo ya hatua tano na yanamwagika njiani. Mwalimu mmoja aliandika kwa ripoti kwamba ni mvivu. Muhula uliofuata, mwingine akaandika hana nidhamu. Ushago, mzee mmoja alisema ni chira, kuna mwiko ulivunjwa wakati wa mazishi ya babu na mtoto ndiye analipa. Jirani yetu akashauri maombi ya usiku. Mama alisikiliza kila mtu. Ungefanya nini? Hakuna hata mmoja siku ile ya kuruhusiwa aliyemkalisha akamwambia: huyu mtoto ametoka kwa koma ya siku tatu, kuna uwezekano wa moja kwa nne, mwangalieni akianza shule.

Hapo ndipo hasira yangu iko. Siko na hasira na mzee wa chira, yeye angalau alijua kuna kitu kilitokea na akatafuta chanzo. Hasira yangu ni kwa hii tabia yetu ya kuhesabu malaria kwa vifo peke yake. Aliyekufa anaingia kwa hesabu. Aliyepona anaondolewa kwa hesabu. Wale wa katikati, wanaokaa nyuma ya darasa wakiitwa majina, hakuna safu yao. Na huku ziwani lazima wawe wengi, kwa sababu malaria ni nyingi. Fikiria watoto wa darasa lako la msingi. Yule aliyekuwa anapigwa kila Ijumaa kwa kusahau. Si wote walikuwa na malaria ya ubongo, lakini kuna aliyewahi kuuliza?

Kuuliza hakugharimu kitu. Fomu ya kujiunga na shule inauliza dini, kata ndogo, namba ya mzazi. Iongezwe mstari mmoja: je, mtoto amewahi kulazwa akiwa hana fahamu? Jibu likiwa ndiyo, mtoto apelekwe kwa kituo cha tathmini ya elimu, kile kinaitwa EARC, ambacho kaunti zinacho na wazazi wengi hawajawahi kukisikia. Huko wanaweza kupendekeza mambo madogo: maagizo yaandikwe, mtoto akae mbele, aongezewe muda. Kumbukumbu ikiwa na tundu unapunguza mzigo, unabeba mara mbili badala ya moja. Kiboko hakizibi tundu.

Na kwa upande wa kuzuia, kuna vitu vimebadilika tangu 2014 na nivitaje kwa sababu mtandao umejaa uongo wa kinyume. Sindano ya artesunati imethibitika kuokoa watoto zaidi kuliko kwinini: utafiti mkubwa wa 2010, watoto 5,425 wa Afrika, Kenya ikiwemo, vifo vilikuwa asilimia 8.5 kwa waliopata artesunati na 10.9 kwa waliopata kwinini. Na kuna chanjo. Ilijaribiwa nchi saba za Afrika, na vituo vitatu vilikuwa Kenya: Kilifi, Siaya, na Kombewa hapa hapa kaunti ya Kisumu. Watoto wa huku ndio walikunja mikono wakachomwa ndiyo dunia ijue inafanya kazi. Serikali ikaizindua Homa Bay tarehe 13 Septemba 2019, dozi nne, wakati huo ya kwanza miezi 6 na ya mwisho miaka 2. Haizuii kila malaria, inapunguza, na neti bado ni neti. Ukiwa na dada yako ana mtoto na hiyo dozi ya mwisho imesahaulika, mkumbushe, kwa sababu wengi wanaishia ya tatu.

Ile ya tembe bila kupimwa nayo nitaigusa kidogo tu, mnajua. Mtoto chini ya miaka mitano akiwa na homa, saa zinahesabika. Kila saa unayongoja "tuone asubuhi", kinga yake inazidi kuwasha kile kimeng'enya, na kainurenini inazidi kumiminika.

Mdogo wangu alisoma hii kabla niiweke. Ilimchukua karibu saa nzima na alirudi nyuma mara nyingi, lakini alimaliza. Mat aliielewa mara moja. Aliniuliza kama makanga feki bado amekalia kiti kwake, hadi leo. Nikamwambia hakuna mtu amempima yeye, na zile asidi za siku zile lazima zilishapungua zamani. Kinachobaki ni kazi zilizofanya zikiwa juu. Akafikiria. Akasema afadhali kujua ilikuwa kitu, kuliko kuambiwa ni yeye.

Alhamisi shule imemuita mama. Wanataka arudie darasa. Nimemwandikia karatasi moja, upande mmoja Kiswahili, upande mwingine Dholuo, kwa sababu akikasirika anaongea Dholuo na sitaki apoteze pointi. Juu kabisa nimeweka tarehe aliyolazwa na idadi ya siku alizokaa bila fahamu. Chini yake kuna ombi moja, barua ya kumpeleka EARC kabla uamuzi wowote haujafanywa. Mama ameisoma mara mbili, akaikunja, akaiweka ndani ya Biblia yake pamoja na ile kadi ya hospitali ya 2014, ambayo kumbe hakuwahi kuitupa.